Pikapu ya Shemeji Inakula Oili

Cheche aliisikia pikapu kabla hajaiona. Ilipanda kwenye kona ya mashine ya kusaga, ikabadili gia, na waendesha pikipiki waliokuwa wakingoja abiria pale wakaanza kukohoa. Hawakuwa wakiumwa. Kilikuwa kikohozi cha kejeli, mmoja akimpokeza mwenzake. Cheche akaweka spana chini. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea gereji, kwa hiyo moshi ndio ulioingia getini kwanza, wa buluu, mzito, kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Nyuma yake ikaja pikapu yenyewe, na ndani yake shemeji yake, kiwiko kimetokeza dirishani, uso umekunjamana kama noti iliyofuliwa pamoja na suruali.

"Nusu lita, shemeji," alisema yule bwana kabla hata hajazima gari. "Nusu lita kila siku. Mtoto mchanga hanywi hivyo."

"Salamu kwanza."

"Salamu utazipata ukinipa injini."

Shemeji huyu alikuwa kaka mkubwa wa mke wa Cheche. Kazi yake ilikuwa kubeba mbao kutoka ghalani kuwapelekea maseremala, na pikapu ile ndiyo iliyolisha nyumba yake. Miezi miwili nyuma injini ilikuwa imechoka kabisa, na Cheche akaishusha, akaifungua yote, akaivalisha ringi mpya za pistoni, beringi mpya, gasketi mpya, akaifunga. Baada ya wiki mbili ikarudi ikitoa moshi. Cheche akapandwa na hasira, na kwa hasira ile hakupima kitu. Alibadilisha sili za valvu tu, akamwambia shemeji aende na asirudi. Sasa amerudi.

Na kurudi huko ndiko kulikomkausha Cheche mate. Gereji ile ilikuwa ya mwanamke mjane ambaye kila mtu alimwita Mama Yadi. Mafundi hawakuwa waajiriwa wake; kila mmoja alikuwa na boksi lake la vifaa na sehemu yake ya kufanyia kazi. Mama Yadi alikuwa na kanuni moja tu, aliyoitamka siku alipochukua funguo baada ya mumewe kufariki: injini ya mteja ikirudi mara mbili kwa tatizo lile lile, fundi anabeba boksi lake na kutoka. Watatu walikuwa wamekwisha toka. Mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yake, na alitoka analia. Kwa hiyo hakuna aliyedhani mama yule anatania.

Alitokea kwenye kijumba chake cha mabati, mahali lilipokaa pipa la oili na kufuli lake, akasimama akitazama moshi unavyotulia juu ya uwanja.

"Hii ni ya pili, Cheche."

"Mama, hata sijaitazama."

"Sikuuliza kama umeitazama. Nimehesabu." Akageuka kwa shemeji. "Wewe baba, ya kwanza ilikuwa nini?"

"Moshi."

"Na leo?"

"Moshi na kiburi cha fundi."

Upande wa pili wa uwanja mtu akacheka. Alikuwa Profesa, fundi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kufunga nati bila kutoa somo. Alikuja akijifuta mikono.

"Oili haina miguu," Profesa alisema. "Ina njia mbili tu, ama inavuja, ama inaungua. Chini hakuna tone, basi inaungua. Na injini mpya ikiunguza oili, mtu huangalia ringi. Zina kidoti kidogo kinachotakiwa kutazama juu. Ukizivalisha kichwa chini, badala ya kukwangua oili zinaipandisha."

"Mimi nilikuwa navalisha ringi wakati wewe unavalishwa nepi."

"Ndiyo maana nasema labda macho yamechoka, kaka."

Spana ikaruka. Ilipita mbali na Profesa, ikatua kwenye mchanga karibu na uzio. Cheche alirusha vitu, hilo lilijulikana, lakini katika maisha yake hakuwahi kumrushia mtu, na hakuwahi kurusha kwenye saruji. Hata akiwa amewaka namna gani, mkono wake ulitafuta mchanga, kwa sababu spana ni mali.

"Haya, hasira hasara," shemeji akasema.

Kati ya maneno yote duniani, hayo ndiyo Cheche aliyoyachukia zaidi.

Mama Yadi alingoja mpaka spana ikatulia. "Nitakupa mpaka kesho saa kumi na moja jioni," alisema. "Lakini injini haifunguliwi. Ukiifungua utatoa vyuma mezani, utanionyesha hiki na kile, na mimi sijui vyuma. Nataka kwanza uniambie oili inapita wapi. Ukijua, utafungua. Usipojua, utabeba boksi."

---

Cheche hakufundishwa kazi shuleni. Alianza akiwa hana ndevu, akiosha vyuma vya watu kwa dizeli kwenye beseni, na fundi aliyemfundisha alikuwa mtu wa ngumi. Kila alipokosea alipigwa, na kila alipopigwa alijifunza vitu viwili: kosa lenyewe, na kukasirika. Alipokuwa fundi kamili aliacha ngumi, hakumpiga mwanafunzi hata mmoja, lakini hasira haikumwacha. Ilikaa kifuani kama injini isiyozimika, inayotaka tu kukanyagwa kidogo. Wateja waliizoea. Walisema ukimpelekea gari Cheche, utatukanwa wewe na gari lako, halafu gari litapona. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na sehemu nzuri kuliko zote pale gereji, chini ya paa, penye sakafu ya saruji na shimo la kuingilia chini ya gari. Wanaokuja karibuni walifanya kazi kule mwisho, kwenye uzio, juani.

Jioni ile alivua viatu mlangoni, kimoja kikaanguka huku na kingine kule. Mkewe alivitazama viatu akajua.

"Kaka amekuja kwako," alisema.

"Kaka yako amekuja kwangu, amekwenda ghalani, amekwenda kwa maseremala, na kote amehubiri. Nasikia hata fundi viatu anajua nimevalisha ringi kichwa chini. Fundi viatu. Yeye na ringi wapi na wapi?"

Mkewe aliendelea kukunja nguo za watoto. Alizikunja tatu, nne.

"Baba watoto, nikuulize bila ugomvi?"

"Uliza."

"Una hakika na zile ringi?"

Hapo palikuwa pa kulipuka, na yeye mwenyewe alingoja mlipuko. Haukuja. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya mlango, mikono juu ya magoti, na lile alilokuwa akilikimbia mchana kutwa likamkalia mbele.

Siku ile alipokuwa anafunga injini, shemeji alimpigia simu mara sita. Mara ya kwanza aliuliza kama imekwisha, mara ya pili kwa nini haijaisha, mara ya sita alisema maseremala wanamwita mwongo kwa sababu ya Cheche. Cheche alifunga injini ile damu ikimchemka. Pistoni ya kwanza aliikumbuka, na ya pili, na ya nne. Vidoti vya pistoni ya tatu alivitafuta kichwani, akavikosa. Aliyaona mafuta kwenye vidole vyake, alikiona kibanio cha ringi, akaisikia simu ikilia. Kidoti hakukiona.

Mkewe akaja akaketi ngazi ya juu yake. Akaendelea kukunja nguo pale pale, na hilo lilimkasirisha pia.

---

Saa moja asubuhi pikapu ilikuwa imelala gerejini usiku kucha, baridi kabisa. Shemeji alikuja na jagi lake la oili mkononi.

"Kabla ya yote," alisema, akafungua boneti, akachomoa dipstiki, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akakiinua juani kama daktari na kipimajoto. "Unaona? Imeshuka." Akamimina mpaka alama ya juu, akapima tena, akaridhika. "Kila asubuhi, kila mchana. Nisiseme situnzi gari."

"Umemaliza ibada? Washa, halafu uniache nisikie."

Akawasha. Cheche alisimama nyuma ya ekzosi, lile bomba la moshi, akiwa na karatasi nyeupe. Sili za valvu zikiwa mbovu, oili huteremka usiku kwenye silinda, na asubuhi gari hutema wingu moja kubwa kisha likaacha. Wingu halikuja. Karatasi ilibaki nyeupe. Sili zilikuwa nzima.

Injini ilipopata moto akatoa plagi zote nne. Zilikuwa nyeusi, zimelowa kidogo, zote sawa. Akachukua geji ya kompresheni, ya kupimia mbano wa hewa ndani ya silinda, akaifunga kwenye tundu la kwanza, shemeji akapiga stata. Akasoma. La pili, akasoma. Alipofika la tatu alikuta mikono yake haitaki. Profesa alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai, na Cheche akamwambia aende akanywee chai yake kwa wateja wake.

"Nakaa kimya, kaka. Mimi ni mwanafunzi."

La tatu likasoma kumi na mbili, sawasawa na la kwanza na la pili. La nne nalo kumi na mbili.

Cheche akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya tatu, akapima upya. Kama ringi hazibani, ile oili kidogo huziba mwanya na sindano hupanda. Sindano haikupanda. Akarudia. Ilisimama pale pale, kumi na mbili.

Akakaa kwenye tairi. Ringi zilikuwa zimekaa vizuri, zote, na ile ya tatu pia. Mtu mwingine angefurahi. Cheche aliipata ile nafuu kwa muda wa kupenga kamasi tu, kisha hasira ikarudi na nguvu mpya, kwa sababu sasa alikuwa na haki nayo.

"Sema sasa," alimwambia Profesa. "Kichwa chini."

Profesa alitazama geji muda mrefu. "Geji inasema ringi nzima. Ekzosi inasema oili inaungua. Mmoja wao mwongo."

Lilikuwa neno la kweli, na hilo liliudhi zaidi. Cheche akafungua boksi la kichujio cha hewa. Ndani kulikuwa kumelowa oili kama kikaango. Mpira wa kupumulia, ule unaotoa mvuke wa injini na kuupeleka kwenye hewa inayovutwa, ulikuwa unatema oili. Kwa kawaida hiyo ni dalili ya moshi unaopenya kwenye ringi na kusukuma kila kitu juu. Akarudisha plagi, akawasha, akafungua kifuniko cha oili, injini ikinguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Hakuna kilichosukuma. Pumzi ilikuwa ndogo, ya injini yenye afya. Lakini oili ilipanda.

"Twende barabarani," alisema.

"Nina mbao za kupeleka," shemeji akasema.

"Tutapeleka mbao zako. Utaendesha wewe. Mimi nitakaa nyuma nitazame moshi."

Hivyo ndivyo fundi mzima wa miaka arobaini na sita alivyoshinda juu ya mzigo wa mbao, amegeukia nyuma, akitazama ekzosi kama mvuvi anayengoja samaki. Kulikuwa na mlima mmoja mrefu kati ya ghala na maseremala. Safari ya kwanza, saa tatu, walipanda na moshi ukawa mzito mpaka mwenye lori aliyekuwa nyuma akapiga honi ya matusi. Safari ya pili moshi ulikuwepo, lakini lori lingine lilionekana vizuri. Ya tatu, Cheche aliweza kusoma namba ya gari lililowafuata. Ya nne, saa saba, walipanda mlima mzima, mzigo ule ule, gia ile ile, na hakuona kitu isipokuwa vumbi.

Aligonga paa kwa ngumi. "Simama."

Shemeji akasimama kileleni, akashuka, na kabla Cheche hajaruka chini boneti ilikuwa wazi tayari. Kijiti nje, kitambaa, kijiti ndani, kijiti nje. "Imeshuka tena. Unaona wewe mwenyewe, tangu asubuhi." Akachukua jagi.

Cheche alitaka kumzuia, halafu akaacha. "Mimina," alisema. "Mimina kama unavyomimina siku zote."

Wakashusha mbao, wakarudi, wakapakia, wakapanda tena. Na moshi ukarudi, wa buluu, mnene, kama haujawahi kuondoka.

Cheche alikaa juu ya mbao akiutazama. Gari lilikuwa halili oili. Lilikuwa linalishwa kwa nguvu na linatapika. Iliyozidi ilipanda kwenye mpira wa kupumulia, ikavutwa pamoja na hewa, ikaungua.

---

Walifika gerejini saa nane na nusu. Cheche aliingiza pikapu juu ya shimo, akakusanya chupa tupu za maji za lita moja, akafungua nati ya chini ya sampu, lile bakuli la oili tumboni mwa injini, oili yote ikateremka kwenye beseni. Akaanza kujaza chupa kwa kikombe. Injini ile inachukua lita nne. Kila fundi pale alijua hivyo, lakini hakuna aliyezipima, kwa sababu oili ya gereji ilitoka pipani kwa jagi lisilo na alama, na mtu alimimina mpaka dipstiki iseme basi. Ndivyo walivyofundishwa, na wao waliwafundisha wengine.

Chupa ya nne ikajaa. Beseni bado lilikuwa zito. Ya tano ikajaa. Ya sita ikafika karibu na shingo.

Shemeji alizitazama zikiwa zimejipanga. "Hiyo ya ziada imetoka wapi?"

"Kwenye jagi lako."

"Mimi nafuata alama."

Na kweli alifuata alama. Cheche akachukua dipstiki, akaipeleka mwangani. Kishikio chake cha njano kilikuwa kile kile cha siku zote. Alama mbili, juu na chini, zilikuwa wazi. Akaishusha sambamba na injini kwa nje, kishikio kikiwa mdomoni mwa tundu lake, akaona ncha inaishia wapi. Ilikuwa fupi kuliko inavyotakiwa, kwa upana wa vidole viwili.

Hapo akakumbuka kopo. Wote walilitumia, kopo la rangi lililojazwa mchanga, na injini zikiwa zimeshushwa mafundi walichomeka dipstiki humo zisipinde. Siku ile kulikuwa na mbili, ya pikapu na ya gari dogo la nesi mmoja, ambalo Profesa alikuwa anakamilisha. Injini za kampuni moja, sampu tofauti, vishikio vya njano vyote viwili. Cheche ndiye aliyefunga kwanza. Simu inalia, damu inachemka, mkono ukaingia kwenye kopo ukatoka na kimoja.

Basi Profesa alichukua kilichobaki, kirefu. Na kijiti kirefu kwenye injini ya nesi kingegusa oili hata ikiwa imebaki kidogo. Kingesema imejaa.

Shemeji alikuwa amekwenda kununua maji. Mama Yadi alikuwa kijumbani. Cheche alikuwa peke yake na chupa sita, na tupa, ile file ya kunolea vyuma, ilikuwa ndani ya boksi, mkono ungeifikia. Angekwangua alama mpya kwenye kijiti kile kwa dakika mbili. Angemwita mama na kumwambia, huyu shemeji anamwaga oili kama anamwagilia bustani, chupa hizo hapo. Ingekuwa karibu na ukweli. Shemeji angezunguka mji mzima akiomba radhi. Na Profesa, pamoja na somo lake la kidoti, angengoja mpaka injini ya nesi igome, na mwenye kubeba boksi angekuwa yeye. Cheche aliyaona yote hayo, na kusema kweli aliyaona kwa utamu.

Halafu akamwona yule nesi, mama wa makamo anayeendesha gari kwa kushika usukani kwa mikono yote miwili, injini ikigoma katikati ya mlima na lori nyuma yake.

"Mtu mshenzi," alisema kwa sauti. Yeye mwenyewe hakujua anamwambia nani. Akavuka uwanja.

"Mpigie simu nesi wako," alimwambia Profesa. "Mwambie asiwashe gari."

"Kuna nini?"

"Dipstiki yake iko mkononi mwangu. Yangu iko kwake."

Profesa alicheka kidogo. "Gari lile halijarudi hata mara moja."

"Halitarudi. Litaletwa na kamba. Piga simu."

Profesa akamtazama usoni, akaacha kucheka, akapiga.

Walikwenda zahanati kwa pikapu, wakiwa wameirudishia chupa nne tu. Kwenye mlima haikutoa hata uzi wa moshi. Nesi aliwangoja kando ya gari lake. Profesa akachomoa dipstiki, oili ikaonekana kwenye alama ya juu, safi. Akamgeukia Cheche kama mtu aliyeshinda kesi. Cheche akampa kile kifupi. Profesa akakichomeka, akakichomoa, akakitazama. Kilikuwa kikavu mpaka nchani.

"Na ule mlio wa kugonga niliokwambia?" nesi aliuliza. "Asubuhi, kama mtu anatwanga. Uliniambia ni petroli mbaya."

Profesa akavua miwani akaanza kuifuta, akaifuta sana.

---

Saa kumi na moja kasoro robo gari la nesi liliingia gerejini likivutwa. Mama Yadi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, na Cheche akamweleza yote, chupa, kijiti, kopo, moja baada ya jingine; nesi akaongezea habari ya kugonga na ya petroli mbaya. Aliposikia mpaka mwisho, mama aliuliza swali moja.

"Nani alitoa kwanza kwenye kopo?"

Hakuna aliyeona siku ile. Profesa mwenyewe hakukumbuka, ilionekana usoni mwake.

"Mimi," Cheche alisema. "Nilikuwa na hasira, sikutazama."

"Na mimi nilichukua kilichobaki," Profesa akasema polepole. "Sikutazama vilevile, na sikuwa na hasira."

Mama Yadi alitazama saa. "Nilisema usipojua utabeba boksi," alimwambia Cheche. "Umejua, na umejua kabla ya saa. Hutoki getini. Lakini kivulini humu sikutaki. Wala wewe, Profesa. Mtu analalamika gari linagonga, unampa somo la petroli. Maboksi yenu yote yaende kwenye uzio. Chini ya paa litakaa gari la nesi, na mtalitengeneza wote wawili bila kumdai."

"Mpaka lini, mama?" Cheche aliuliza.

"Mpaka hasira yangu iishe. Na mimi si kama wewe, yangu inakwenda taratibu."

Miaka kumi na moja. Cheche alihisi mkono unatafuta kitu cha kurusha. Akauingiza mfukoni.

Shemeji alisogea, sauti imelainika. "Shemeji, ungesema mapema kuwa ni kijiti. Mimi nimekusifu siku zote."

"Umenisifu wapi? Kwa fundi viatu?"

"Maneno ya barabarani yale."

"Barabara unazijua, si ndiyo kazi yako. Kesho pita zote. Kila uliposema ringi, sema kijiti, na useme kijiti nilikosea mimi. Usiongeze, usipunguze."

"Nizunguke mji mzima?"

"Ulipozunguka kunisema petroli ilikutosha. Na jagi lako liache hapa."

Shemeji aliliacha. Aliondoka bila kuaga vizuri, na pikapu ilipita getini safi kama gari jipya, jambo ambalo Cheche hakutaka kulitazama.

Boksi lake lilikuwa zito, la chuma, na alilikokota peke yake kwenye saruji kisha kwenye mchanga, likiacha mfereji nyuma yake. Profesa alitaka kushika upande wa pili, akaambiwa aache. Akakokota la kwake. Hata jioni hiyo jua lilikuwa kali pale kwenye uzio, mabati ya boksi yakachoma vidole.

Walirudi chini ya paa, wakaingia chini ya gari la nesi, wakakuta nati ya sampu inataka spana namba kumi na nne. Spana ilikuwa kule, hatua arobaini. Cheche akatoka shimoni, akaenda, akarudi. Iliyofuata ikataka namba kumi. Akatoka tena, akaenda, akarudi, jasho linamtiririka, meno yamebanana.

"Shika sampu isianguke," Profesa akasema.

"Nimeshika."

"Bado umekasirika, kaka?"

"Fungua nati."